Matairi Mapya ya Elia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimetufikia hapa Kijenge. Bibi yako hajambo, goti limeanza kukunjika tena.

Umeniuliza kama ni kweli tajiri wetu, mwenye magari ya mbio tuliyoendesha, alimpendelea dereva mwenzangu Elia. Ni kweli. Serikali ilipofungua biashara ya nje, aliagiza matairi mapya manne kutoka nje, yote akampa Elia. Mimi nikaambiwa niendelee na yangu yaliyokwisha. Nilinuna njia nzima hadi Olmotonyi, zilikoanzia mbio.

Pale Elia akapiga jeki gari lake, akafungua matairi mawili, akaniletea.

"Tajiri atakufukuza," nikamwambia.

"Anifukuze. Nikikushinda kwa matairi, nitajuaje kama nimekushinda?"

Alinishinda, kwa tofauti ndogo sana. Tajiri akamfukuza kweli, naye akahamia Mwanza, tukapotezana. Mimi nikapewa matairi mapya, nikashinda mara kadhaa, lakini kila nilipomaliza nilisimama nikitazama vumbi la nyuma, nikimtafuta.

Hadi leo gari likinguruma nje, natoka hadi getini. Bibi yako husubiri kidogo, kisha huniita taratibu, "Si Elia. Rudi ndani, baridi hiyo."

Babu yako