Pazia la Sebuleni

2 Mei

Dada yangu,
Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila vidole vimejaa vibanzi vya mbao. Mwaka huu chuo kimenipa mimi kazi ya kujenga jukwaa la tamthilia ya wanafunzi, na dada, nimejenga nyumba yetu! Watazamaji hawakai mbali. Wanaingia mlangoni, wanakalia vitanda, wanafunua masufuria, na waigizaji wanapita katikati yao. Kuta za plaiwudi zimesimama, hata ule ufa wa jikoni nimeuchora. Limebaki pazia la mama, lile la maua. Nitumie, halafu uje uone. Bila wewe nisingefika hapa.
Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,
Marahaba. Mgongo ni uleule, unaniamsha kabla ya jogoo. Nimecheka peke yangu: tangu lini nyumba yetu ikawa ya kuonyesha watu? Pazia nimelifua na kulipiga pasi. Lilipokuwa likining'inia unapajua, sina haja ya kukueleza. Siku ya ufunguzi nitakuja, ruhusa kazini nimeshaomba. Nataka kuona umeniweka wapi.
Dada yako

24 Mei

Dada,
Shikamoo. Unaumwa? Wenzangu walikuona ukiingia, kisha ukatoka hata nusu haijafika. Mbona hukuniaga? Nilikutafuta mpaka kwenye chumba cha kuvalia.
Mdogo wako

1 Juni

Mdogo wangu,
Siumwi zaidi ya siku zote. Niliingia, nikazunguka. Kila kitu nilikikuta: ufa, kitanda cha mama, chumba chako na meza yako ya kusomea. Pazia nikalikuta dirishani, nyuma yake umewasha taa kama jua, watu wanapanga foleni wachungulie.

Jamani, lile pazia lilikaa dirishani lini? Lilikatiza sebule, na nyuma yake nililala mimi, chini, tangu mama afariki tukapangisha chumba chake tupate ada yako. Hata ulipokwenda chuo, chumba chako nilikiacha vilevile. Mama mmoja pembeni yangu alihesabu vitanda, akasema, "Kumbe walikuwa wawili tu, mama na mwanawe." Nikatoka.

Shukrani ya punda ni mateke. Wewe hata teke hukunipiga, umenisahau tu. Imeniuma sana.
Dada yako

5 Juni

Dada yangu,
Nisamehe, nakuomba. Nimelia mpaka macho yamevimba. Nilikuwa nikilala mapema na wewe ukiamka kabla yangu, lakini hicho si kisingizio. Pazia nimelihamisha, sasa linakatiza sebule, na nyuma yake nimetandika godoro jembamba. Watu wakifika pale wanainama walione. Mwalimu anasema ndiyo sehemu bora ya jukwaa zima, amenipa alama ya juu kuliko wote. Rudi uone, dada. Tafadhali.
Mdogo wako

14 Juni

Mdogo wangu,
Barua nimeipata. Mgongo sasa nafuu, ashukuriwe Mungu. Hongera kwa alama.

Sirudi. Pale nimelala miaka, nikatazame nini tena? Jumamosi nilihamia chumbani kwako. Kitanda kizuri, kumbe. Vitabu vyako nimevitia kwenye maboksi, havijapotea hata kimoja.

Ukifunga chuo karibu nyumbani, ni kwenu. Godoro lipo sebuleni. Pazia uje nalo.
Dada yako