Alichowaambia Madiwani Shangazi Yako

Lusajo, mjukuu wangu, mume wangu,

Hujambo huko Dodoma? Sisi huku Itumba hatujambo. Kahawa imechanua, na babu yako amepona kile kikohozi.

Umeniuliza kwa nini mimi na shangazi yako Tusekile hatukosi vikao vya madiwani. Nikiwa msichana nilishikwa na kifafa, na dawa ikanituliza. Nilipobeba mimba ya Tusekile niliendelea kuimeza, maana hakuna aliyeniambia kwamba ingemdhuru mtoto tumboni. Alizaliwa na vidole vilivyoshikana na ulimi mzito. Mengine unayajua.

Mwaka jana wazazi kadhaa tulikwenda kwa madiwani kudai watoto wetu wasaidiwe, na dawa ile ipigwe marufuku. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuzungumza, Tusekile akasimama.

“Msiifungie,” akasema polepole. “Mama yupo hai kwa sababu yake. Waambieni mabinti wanaoimeza kabla hawajabeba mimba, watafutiwe dawa nyingine. Na sisi tulioumia tayari, mtusaidie.”

Mimi nilikaa chini. Miaka yote hiyo nilidhani ananilaumu, na sikuthubutu kumwuliza.

Madiwani walikubali mabinti waelezwe kliniki. Msaada bado tunaudai, ndiyo maana hatukosi.

Tulipotoka nje nilimwuliza, “Mwanangu, huna kinyongo na mimi?”

Alinishangaa kuliko nilivyomshangaa yeye. “Kinyongo cha nini, mama? Twende, mvua inakuja.”

Nikamfunika kanga yangu, tukashika njia.

Ni mimi bibi yako, nakuombea.