Gari Linaumwa Mlimani Tu

Jumatano, Machi 2003. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na mimi nimeamka na hasira ambayo hata chai haikuipoza.

Wiki nzima nagombana na gari. Ni gari dogo la Kijapani, kuukuu, otomatiki, lililokuja kwa njia ya Dar na usukani wake upande wa kulia. Marehemu mume wangu aliniachia hilo na biashara ya mchele. Mjini halina neno. Ukilipandisha mlima ndipo vituko vinapoanza: linaingia gia ya nne, linakosa nguvu, linarudi ya tatu, injini inapiga kelele, linarukia tena ya nne. Tatu, nne, tatu, nne, kama mtu aliyesahau kilichompeleka sokoni.

Na mimi nina mlima wa kupanda.

Binti yangu Zuhura yuko Gitega kwa mumewe, ana mimba ya kwanza, na siku zake zimekaribia. Kwetu uzazi wa kwanza hauachiwi wakwe. Mama mzazi ndiye anayemkanda mwanawe kwa maji ya moto, anayempikia uji wa pilipili manga, anayemfunga tumbo. Mimi nilikandwa na mama yangu, naye alikandwa na wake. Sitaki mnyororo huo ukatikie kwangu.

Lakini barabara ya Gitega siku hizi haipitwi ovyo. Unangoja msafara, konvwa tunavyouita, askari mbele na askari nyuma, na unapanda nao. Konvwa haimsubiri mtu. Ukiachwa, umebaki na milima na waasi waliojificha humo.

Mwaka jana niliachwa. Gari lilianza tatu-nne zake kwenye kona za juu, malori yakanipita moja baada ya jingine, na mwisho likapita gari la askari wa nyuma. Mmoja alinipungia mkono niongeze mwendo, utadhani nilikuwa natembea kwa kupenda. Nikabaki peke yangu kati ya migomba, nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Zilikuwa kona chache tu, halafu nikawakuta wamesimama kwenye kizuizi. Zuhura aliponiuliza safari ilikuwaje, nilisema ilikuwa salama.

Konvwa nyingine inapanda Jumamosi hii. Ndiyo maana wiki iliyopita nililipeleka gari kwa Saidi, fundi wetu wa mtaa wa Cibitoke. Alilizungusha mjini mpaka mtaa wa Kigobe, akarudi anatabasamu.

"Mama Zuhura, hii gari haina kitu."

Nikamwambia linaumwa mlimani tu.

"Sasa mulima mi nitautoa wapi?"

Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli. Mji wetu ni tambarare. Ukianza kupanda mlima wa maana, umeshatoka mjini na umeingia vitani. Fundi gani ataenda huko kujaribu gari la mtu?

Basi akaanza kubahatisha. Akabadilisha oili ya giaboksi, ingawa ile ya zamani ilikuwa bado nyekundu na haikunuka kuungua. Akasafisha hiki, akapuliza kile. Juzi akatangaza kwamba giaboksi imekwisha, na anamjua mtu mwenye nyingine. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mtu hakatwi mguu kwa sababu daktari amechoka kufikiri.

Wazo lilinijia jana nikiwa nimekaa juu ya magunia yangu. Gari mlimani linasumbuliwa na nini, kama si uzito? Na uzito mimi ninao.

Leo nimemchukua Saidi mpaka Buterere, ninakonunulia mchele. Tukajaza magunia mpaka gari likainama nyuma. Nikamwambia aendeshe kwenye ile barabara iliyonyooka, mguu wa kulia kwenye mafuta, wa kushoto ukanyage breki kidogo. Alinung'unika kwamba naharibu breki. Hatukufika mbali: tatu, nne, tatu, nne. Nilipiga makofi kama mtoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Akafungua boneti huku mimi nimemshikia mwavuli. Kuna kebo nyembamba inayotoka kwenye injini kwenda kwenye giaboksi, ndiyo inayoijulisha giaboksi kwamba dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Ilikuwa imelegea. Kishikizo chake kilivunjika zamani, na mtu alikuwa amekifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, fundo mara mbili. Ninamjua fundi mmoja tu anayefunga hivyo. Nikamwangalia Saidi.

"Nilifunga ya muda," akasema, macho yake kwenye injini.

Ya muda, tangu mume wangu yu hai! Na mtu huyo huyo alitaka kuniuzia giaboksi.

Ameweka kishikizo kingine, akaikaza kebo, tukarudia na magunia yetu na breki yetu. Gari likashika ya tatu, likatulia. Tukarudia. Likatulia.

"Imepona, Mama Zuhura. Samedi unapanda na konvwa yako."

Nilipaswa kusema alhamdulillahi. Badala yake nilimwambia ajaribu tena, pengine hatukusikia vizuri. Akajaribu. Nikasema tuongeze gunia moja. Saidi akazima injini, akanigeukia, akasema taratibu, "Mama Zuhura. Gari imepona."

Nikaelewa hapo, katikati ya tope la Buterere, kwa nini nimekuwa mkali wiki nzima. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie haiwezekani. Nilitaka gari liogope kwa niaba yangu.

Naogopa. Nimeliandika sasa, haya.

Kabla ya kuingia hapa saiba kafe, ninapoandikia haya kwenye intaneti, nimempigia Zuhura. Kila jioni ananiuliza kama gari limepona, nami namjibu bado, naye ananiambia Mungu yupo, mama. Nilidhani ananitia moyo. Leo nimemwambia limepona, nakuja Jumamosi.

"Mama," akasema, "mi kila siku nilikuwa naomba isipone."

Tumelia wote wawili mpaka salio likaisha.

Mwenye saiba anatuhimiza tufunge, watu wawahi nyumbani. Nimejiuliza kama hii safari ni mapenzi au ni ukaidi wangu tu, na sijapata jibu. Lakini siku uchungu ukimshika, ataita mama, kama tulivyoita sote. Nataka akiita niwe nipo chumba cha pili.