Ati Shosho hakumngoja Guka

Keziah, nimechoka. Leo nimewasomea nyanya na babu, Shosho na Guka, ile novel ya mapenzi naandika.

Ile ya msichana anangoja miaka tano mpenzi wake mwenye amefungwa kambi ya detention, wakati wa Emergency ya Mau Mau. Ni story yao wenyewe, si unajua.

Shosho akanikatiza. "Mimi sikumngoja." Mbele ya Guka!

"Nilikuwa na Ngatia, homugadi wa kijiji yetu. Alikuwa ananiletea unga."

Homugadi, Keziah! Wale askari wa mzungu wa kupigana na Mau Mau!

 Halafu Guka akasema, "Hiyo unga ndiyo ulilishia mama yangu. Niliambiwa mambo ya Ngatia siku ile nilitoka detention, na bado nikakuoa."

Kumbe Shosho hakuwa anajua Guka anajua. Analia tu, Guka amemshika mkono, na mimi niko na kurasa mia mbili za kufuta.