Mama, Mguu Ulikuwa Wako

Mama, shikamoo.

Sijui huko salamu zinafikaje, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Ni mie, Zuhura wako. Bado tuko Vingunguti, nyumba ileile. Kaka Hamisi ameezeka upya banda la uani, na mjukuu wako Mwanaidi yuko darasa la tatu. Wote wazima. Ila nimekaa niandike jambo ambalo ulipokuwa hai nilishindwa kulitamka.

Siku ile ya mguu wako, daktari alituita mie na kaka kwenye korido. Alisema kidonda cha sukari kimeoza, mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo tutakupoteza. Akatoa fomu. Wewe ulikuwa kitandani, hatua kumi tu kutoka tulipokuwa, akili timamu, unamwelekeza mgonjwa wa jirani namna ya kupika samaki wa nazi. Kaka akasema, "Tukimwambia atakataa. Saini." Nikasaini. Nikarudi, nikakushika mkono, nikakwambia wanakwenda kusafisha kidonda. Ukanijibu, "Haya mwanangu, wasafishe vizuri."

Wasafishe vizuri. Mama, mpaka leo nayasikia maneno hayo.

Ulipozinduka ukapapasa shuka, hukulia. Ulitupa mgongo siku mbili. Baadaye, nyumbani, nakuogesha, ndipo uliposema: "Ungeniuliza ningekubali, Zuhura. Nilitaka tu niuage mguu wangu." Hukulirudia tena miaka miwili yote uliyoishi na magongo, na mie nikajifanya nimesahau.

Sasa sikiliza. Mwaka huu mdogo wako, Mama mdogo Somoe, aliota uvimbe kwenye titi, na vipimo vikasema ni saratani. Nilimpeleka mie. Daktari, dada mmoja mwenye sauti ya upole, akaanza kunieleza mie, na Mama mdogo amekaa pembeni na mkoba wake mapajani. Nikajikuta nimesema, "Dokta, samahani, mweleze yeye. Mwenye mwili ni huyu." Daktari hakukasirika. Alivuta kiti akakaa mbele yake, akamweleza kwamba wanashauri titi litolewe.

Mama mdogo unamjua. Aliuliza mpaka foleni ya nje ikaanza kunung'unika. "Mkilitoa, mkono wangu utanyanyuka? Mie ni msusi." Akaambiwa mkono utakaza kwa wiki kadhaa, itabidi afanye mazoezi. "Na nikikataa?" Akaambiwa ukweli: ugonjwa utasambaa. "Hakuna njia nyingine?" Ipo, kutoa uvimbe peke yake kisha apigwe mionzi, wiki nyingi za kwenda na kurudi. Akasema, "Nipeni siku tatu."

Nyumbani, Kaka Hamisi alipandisha hasira. "Siku tatu za nini? Ataogopa, atakimbia huyu!" Kwa mara ya kwanza nilimjibu kaka yangu: "Mama hakukimbia, kaka. Sie ndio tuliomkimbia." Akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Siku ya tatu Mama mdogo alirudi mwenyewe, amejifunga khanga mpya. Hajui kusoma, kwa hiyo nesi alimsomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, kisha akamwomba aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Akaeleza chote. Akachagua litolewe lote, tena akaweka sharti: wanafunzi wa udaktari wakija kuangalia, wawe wanawake. Daktari akacheka, akaliandika. Ndipo Mama mdogo akaweka dole gumba.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Dawa bado anaendelea nazo, na kuna siku zinamlaza. Mazoezi anafanya ukutani, vidole vinapanda kama mjusi, na kila Jumapili Kaka Hamisi anachora kwa chaki pale vilipofika. Juzi Mama mdogo alimsuka Mwanaidi kichwa kizima. Alipumzika mara nne, lakini mistari imenyooka.

Nisamehe, mama. Sikuogopa kukupoteza tu. Niliogopa kukuona ukilia, ndiyo maana nikakudanganya.

Nakuahidi: maadamu mtu ana akili zake, sitausainia mwili wake bila yeye kujua. Na wanangu nimeshawakalisha, nikawaambia, siku yangu ikifika niulizeni mie mwenyewe. Hata mkinikuta nalia, kaeni hapo, msubiri nimalize, kisha mniulize.

Mungu akupokee kwa huruma yake, mama yangu.

Mwanao,
Zuhura