Shemeji Amegoma Sukari

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeharibu, na maabara nzima inajua.

Kazi yenyewe ni rahisi. Kengele ikilia, panya anakwenda kwenye kibomba na kupata tone la maji ya sukari, yanayoletwa na mpira. Waya mwembamba kichwani mwake unapima ubongo, na mstari unapanda kwenye skrini. Kuna mpira mwingine wa kumpulizia hewa usoni, wa jaribio jingine kabisa. Asubuhi nikaichanganya mipira! Panya wetu bora — namwita Shemeji, maana hula bila kukaribishwa — akakimbilia sukari yake, akapigwa upepo wa uso. Akarudi. Upepo tena. Halafu akajikunyata pembeni, akanipa mgongo.

Profesa kasema hakuna neno, hata makosa ni data. Kwa sauti ya mtu mwenye neno.

Nyumbani, Kaka bado kalala. Tangu jengo lenye saluni yake livunjwe, mikasi iko kabatini na yeye yuko kitandani. Kinyozi mzima, ndevu hadi kifuani! Alipopita kwenda chooni nikamwambia: ndiyo maana walisema kinyozi hajinyoi. Mama kacheka mpaka kakohoa. Mimi nina kipaji.

Jumatano, 5 Machi

Mipira iko sawa tangu jana. Sukari tele. Kengele inalia, Shemeji haendi. Mstari umelala chali kama Kaka.

Nikasema labda sukari imemkinaisha. Profesa akachovya kidole, akampaka mdomoni. Akalamba! Akalamba mpaka ukucha. Profesa kafurahi kama kaokota dhahabu. Eti kupenda kuna njia yake kwenye ubongo, na kutaka kuna njia yake. Sukari bado anaipenda. Kuinuka aifuate ndiko kunakomshinda, kwa sababu kila akitaka kuondoka ubongo unamkumbusha ule upepo. Nikasema kwa hiyo ni uvivu. Kanijibu kwamba uvivu ni neno la mtu ambaye hajapima.

Nikatikisa kichwa kama msomi. Nilikuwa nawaza chakula cha mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka katoka chumbani! Mwenyewe, bila kuitwa. Kasimama mlango wa jikoni, kauliza kama kuna chai. Nikamwambia: Loo, mgeni! Karibu, safari ilikuwaje? Mama naye hakubaki nyuma: wapo wawili, yeye na ndevu zake, leta vikombe viwili.

Kacheka kidogo. Kageuka, karudi kulala.

Nikampelekea chai kitandani. Kainywa yote, halafu kalamba sukari iliyoganda kwenye kijiko.

Nikabaki nimesimama na trei. Kijiko kile! Kama Shemeji na kidole cha Profesa. Kila akitoka chumbani kuna mtu anampulizia upepo usoni, na mtu huyo ameajiriwa kwa sababu eti anayajua mambo haya. Nimeona aibu. Aibu ya kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Jana nzima nimenyamaza. Mateso! Kaka alitoka kavaa shati nje ndani, nikameza. Utani ule bado uko tumboni, unanisokota.

Leo nakata vitunguu, nasikia ngurumo bafuni. Mashine ya kunyolea! Nikaacha kisu. Hata kupumua niliogopa.

Mama akaingia kutoka sokoni. Kasikia. Macho yakamng'aa.

"Heee! Kinyozi leo anaji—"

Nikamziba mdomo. Mama yangu mzazi! Kwa kiganja chenye vitunguu!

Mashine ikazima.

Na utani wenyewe ni wangu, Mama kauokota tu.

Sasa tumekaa jikoni. Naandika ili mikono iwe na kazi. Mama kanuna, machozi yanamtoka, ya vitunguu au ya hasira sijui. Nimemnong'oneza habari za Shemeji. Kaniuliza kama nimemziba mdomo kwa ajili ya panya. Nikasema hapana, kwa ajili ya mwanao. Tangu hapo naye anautazama mlango wa bafu.

Umefungwa. Ndani kimya. Lazima mtu amwambie Kaka kitu, na aseme sasa, kabla hajarudi kitandani. Natafuta neno moja tu lisilo na mwiba. Ulimi wote huu nilionao — silipati.