Ulipoificha Kofia ya Baba

Mpendwa mtani wangu Issa,

Jana asubuhi nilikuwa dukani kwangu hapa Nachingwea, mama mmoja anasubiri nimtolee kopi ya cheti, mimi nimeinamia simu nalia na kucheka kwa pamoja. Akaniuliza, "Dada, kuna msiba?" Nikamwambia upo, ila ni wa miaka mitatu iliyopita. Akachukua cheti chake taratibu akaondoka bila kopi. Mteja huyo nimempoteza kwa ajili yako.

Nimekiona, Issa. Nimekiona ulichokificha kwenye gemu yako.

Unakikumbuka kile kibanda cha gemu nyuma ya soko, enzi zile ulipokuwa unakuja kwetu likizo kutoka Ruangwa? Watoto wote wakishika pedi ya kuchezea walikimbilia kulia, maana kulia ndiko kwenye adui na ushindi. Wewe ukishika, unarudi kushoto. Unagonga ukuta, unaruka, unagonga tena, na zamu yetu inakwisha hivihivi. Nilikuwa nakutwanga ngumi za mgongo.

"We mwehu, mbele ni kule!"

"Tulia, mke wangu. Aliyetengeneza hii ni mtu. Mtu hakosi kitu alichoficha."

Mara nyingi ukuta ulikuwa ukuta tu. Lakini siku ile ulipofunguka, tukakuta chumba kimejaa mananasi na samaki kavaa miwani, tulipiga kelele mpaka mwenye kibanda akatutoa nje.

Mke wangu. Uliniita hivyo tangu sijang'oa meno ya utoto, kwa kuwa mama yako ni dada wa baba yangu, na kwetu watoto wa namna hiyo wanazaliwa watani. Mimi nilikuita mume asiye na godoro. Baba alikuwa anatusikiliza akiwa kwenye mkeka wake, redio tumboni, kofia imemfunika macho. Tukidhani amelala tukaizima redio, anaamka hapohapo: "Nani kazima? Nilikuwa nasikiliza!"

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kukuambia.

Siku tuliyomzika baba ulifanya kazi yako ya utani kama desturi inavyotaka. Ulivaa kofia yake, ukashika fimbo yake, ukapita katikati ya waombolezaji kwa mwendo wake ule wa kuchechemea. Watu walianza kucheka huku machozi yanawatoka, na ndiyo maana mtani huitwa msibani. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nasonga ugali. Nikasikia nyuma yangu: "Nani kazima? Nilikuwa nasikiliza!"

Issa, niligeuka nikijua ni yeye. Kwa kitambo kidogo baba yangu alikuwa hai. Kisha nikaiona sura yako chini ya kofia.

Nilikunyang'anya ile kofia mbele ya watu wote. Nikakwambia mzaha mzaha hutumbuka usaha, nikakwambia na mengine ambayo hayastahili kuandikwa hata kwenye karatasi hii. Ulimrudishia shangazi, mama yako, fimbo, ukaenda stendi, jioni ile ukawa umeshaondoka kurudi Dar ulikohamia. Hata hukula. Na wewe ndiye mpwa aliyemwogesha baba mwezi mzima alipokuwa hajiwezi, mimi nikiwa nafungua duka. Msiba ule ulikuwa wako kama ulivyokuwa wangu.

Shangazi alinivuta pembeni. "Mtani hanuniwi, we mwali. Leo kaka yangu kaondoka mara ya pili, na safari hii umemfukuza wewe."

Baada ya hapo ukaanza kuniadabisha kwa adabu. "Habari za siku nyingi, dada Somoe. Natumaini hamjambo nyumbani." Dada! Ungenitukana ningejua pa kuanzia. Kila sikukuu ulituma salamu iliyonyooka kama barua ya serikali, nami nikajibu hivyohivyo, na kila nikijibu nilijua utani wetu umekufa na mimi ndiye niliyeuua. Nilitaka kuomba radhi. Lakini mtani unamwombaje radhi? Ukimwomba kwa dhati umekwisha kuwa mtu baki.

Mwezi uliopita shangazi kanipigia. "Mwenzio katengeneza gemu ya simu. Mtu anaendesha baiskeli na gunia la korosho kutoka Marambo mpaka Ruangwa. Watu wazima wanacheza, hawana haya."

Nikaipakua. Nikaona vitu vyetu vyote umevichomeka: mbuzi wetu mkorofi amesimama katikati ya barabara Nanganga, bomba la Chunyu linalolia kama mtoto, sufuria ya shangazi yenye mkono mmoja imening'inia kwenye kibao cha mgahawa. Nilicheka peke yangu. Ila kadiri nilivyocheka ndivyo nilivyozidi kujitafuta. Nilifika Ruangwa mara nne, gunia zima, bila kujiona popote. Nikasema basi, kanifuta. Niliumia sana, siwezi kukuficha.

Jana nikakumbuka ngumi za mgongo. Nikaanza upya pale Marambo, na badala ya kwenda kulia nikageuza baiskeli kushoto. Nikagonga ukuta wa matofali. Nikagonga tena. Nikawa najiambia, Somoe, ukuta ni ukuta tu. Mara ya saba ukafunguka.

Ua wetu. Mkeka. Mzee mwenye kofia anachechemea na fimbo yake, na kiputo cha maneno juu ya kichwa chake kinasema, "Nani kazima? Nilikuwa nasikiliza!" Halafu jikoni anatoka mwanamke ana pua kubwa kama kata, mwiko wa ugali mkononi, anakimbiza baiskeli kuzunguka ua mzima! Maandishi yakatokea: "Mtani kanuna! Mkimbie!" Sikukimbia. Niliacha anikamate. Hapo akakaa chini, akalia, na maandishi yakabadilika: "Pole, mke wangu. Nilimkumbuka tu."

Kisha yule mwendesha baiskeli akavishwa kofia ya baba, na akaivaa njia nzima mpaka Ruangwa.

Miaka mitatu, Issa! Nimebeba kitu kifuani kama gunia lako lile, kumbe ulishanitania zamani ukaniachia nikutafute. Nimelala jana usingizi wa mtoto mchanga. Leo hata mgongo umenyooka.

Sasa sikiliza. Kwanza, pua ile si yangu. Pili, baiskeli yako inaanguka kila kona kwa sababu aliyeitengeneza hajajua kuendesha mpaka leo, na mti wa korosho uliouparamia pale Marambo bado una kovu. Tatu, hitima ya baba ya mwaka huu ni baada ya mavuno. Kofia yenyewe, ile ya kweli, iko kwenye sanduku langu, nimeifua na kuipiga pasi. Ni yako tangu siku ile. Njoo uivae, uchukue na fimbo kwa mama yako, upite nyuma yangu nikiwa nasonga ugali.

Nitageuka. Safari hii nitacheka kwanza.

Uje salama, mume asiye na godoro.

Ni mimi mkeo wa utani, mtoto wa mjomba wako,
Mwenye Pua